Maneno ya Mzee wa Kwenye Filamu

Filamu ilipokwisha, watu hawakutoka. Ndiyo desturi ya kibanda kile cha video: kwanza wabishane. Mmoja alisema adui amekufa kirahisi mno. Mwingine akasema filamu ya juzi ndiyo ilikuwa na ngumi za maana. Hamduni, aliyewatafsiria kwa maiki tangu mwanzo hadi mwisho, alicheka nao huku akikunja waya.

"Mimi nimempenda yule mzee anayekata roho," alisema Bi Tausi, ambaye si kawaida yake kuchangia. "Yale aliyomwambia binti yake kuhusu kusameheana. Hamduni mwanangu, kesho namfuata binti yangu Mwanjaa. Miaka yote hii nimemfungia mlango."

Watu wote wakamgeukia.

Hamduni aliinamia waya. Lugha ya filamu ile hakujua hata neno moja. Alikuwa akitazama midomo na kubuni, kama siku zote. Pale kwa mzee alijazia tu chochote, huku akimrudishia mtu chenji.

"Hebu turudishie pale," Bi Tausi aliomba. "Nataka niyashike vizuri, nikamwambie vilevile."

Waliokwisha kusimama wakakaa tena. Mzee akarudi kwenye kioo, amelala kitandani, midomo ikaanza kucheza. Hamduni akawasha maiki, akijaribu kukumbuka alichosema.

Bi Tausi alikuwa ameshafumba macho ili asikie vizuri.