Mkono Mwingine Kwenye Vitufe

Kidhibiti kililia tii, tii, tii, wala hakuwa yeye anayekibonyeza.

Vidole alisimama nje ya chumba cha mitambo. Zamu yake ilikuwa imekwisha, na alikwishafika getini alipokumbuka koti lake. Sasa hakulikumbuka tena. Kupitia upenyo wa mlango alimwona mkewe, mfanyakazi wa idara ya kufungasha, ameinama mbele ya kisanduku cha ukutani, kidole chake kwenye kitufe cha mshale. Nyuma yake, karibu kiasi cha kumpumulia shingoni, alisimama injinia.

"Shusha kidogo, shemeji," injinia alisema kwa sauti ya chini. "Hapo hapo. Sasa thibitisha."

"Hatajua?"

"Hatajua."

Vidole aliusukuma mlango. Wote wawili waliruka kama watu waliofumaniwa, na kwa hesabu zake ndivyo walivyokuwa.

Pale kiwandani hapakuwa na asiyejua chumba kile ni cha nani. Mafuta ya kupikia yalitoka matangini yakiwa mazito, yakapita kwenye mabomba yaliyozungushiwa nyaya za joto, juu ya vichwa vya wafungashaji. Kidhibiti ndicho kilichoambiwa kila bomba lipate moto kiasi gani. Moto ukipungua, mafuta yanaganda na kiwanda kizima kinakaa kupiga soga. Ukizidi, yanaungua, na bomba linaweza kupasuka. Kila siku kabla ya kutoka, Vidole alipewa karatasi yenye namba za mafuta yatakayofuata, akaziingiza. Jina la Vidole alilipata hapo hapo, kwa kuwa alibonyeza huku amewageuzia watu uso, akiwapigia porojo. "Kuangalia ni kwa wanafunzi," alipenda kusema. Na hata angetaka kuangalia, alilalamika, uongozi ulinunua taa za bei ya kutupa zisizomulika kitu.

"Unafanya nini humu?" alimuuliza mkewe.

"Nilikuja kukungoja."

"Kumngoja mtu aliyekwisha toka?"

Injinia alifungua kinywa, mwanamke akamtikisia kichwa, kidogo tu, naye akakifunga. Vidole aliliona hilo vizuri sana. Kumbe walikuwa na lugha yao, na yeye ndiye mgeni chumbani mwake.

Wivu ulimwandama njia nzima ya kurudi nyumbani. Huyo injinia alipoajiriwa, si yeye Vidole mwenyewe ndiye aliyempokea, akamwonyesha bomba moja moja, akamkaribisha nyumbani mara ngapi sijui? Mkewe akimpakulia, alikuwa akisema, "Huyu kijana ana adabu." Adabu! Na yeye, bwege mkubwa, alikuwa akicheka.

Nyumbani aliichukua simu ya mkewe bila kuomba. Aliishika kwa mkono ulionyooka, kama mtu aliyemshika panya mfu kwa mkia, akaikodolea weee, asipate alichokitafuta, akaitupa kitandani.

"Mmefuta."

"Hakuna cha kufuta, mume wangu."

"Mmeanza lini kubonyezabonyeza pamoja?"

Mwanamke alikaa ukingoni mwa kitanda, machozi yakimlengalenga. "Nikikuambia utaumia," alisema.

"Nimeshaumia. Sema!"

Mwanamke alijilaza, akageukia ukuta. Asubuhi hakuweza kwenda kazini kwa jinsi macho yalivyomvimba. Vidole alikwenda, tena mapema, moja kwa moja ofisini kwa meneja.

"Chagua moja," alisema. "Ama injinia wako na mke wangu chumbani mle, ama mimi."

Meneja hakupenda kuletewa mambo ya chumbani mezani kwake. Alijipangusa uso, akavuta pumzi. "Sikiliza, fundi. Mwaka mzima bomba halijaganda, halijaungua. Mtu kama wewe nikikuacha uondoke, wenye kiwanda watanila nyama."

Hata saa ya chakula haikufika, injinia alikuwa amehamishiwa kwenye maghala, upande wa pili wa mji. Alipita kwa Vidole kuaga, akasema, "Fundi, naomba dakika moja tu." Vidole alimpa mgongo. Kuhusu mke, ilitolewa amri kwamba asikanyage tena nje ya idara yake. Na ili roho ya fundi itulie kabisa, meneja alimruhusu abadilishe namba ya siri ya kidhibiti, aijue yeye tu.

Ilipofika saa ya kutoka alipokea karatasi yake, akaitupia jicho, akawageukia wenzake waliokuwa mlangoni na kuanza kubonyeza. Tii, tii, tii. Hakuwahi kwenda kasi kiasi kile. Wenzake walipiga makofi, naye aliinama kama bwana harusi, akafunga mlango, akaenda zake akipiga mluzi.

Alimkuta mkewe anakunja nguo. Hakutaka ugomvi tena. Mtu aliyeshinda anaweza kusamehe, na njiani alikuwa amekwisha amua kusamehe.

"Yamekwisha," alimwambia akivua viatu. "Namba ya siri ninayo peke yangu. Nikishabonyeza, nimebonyeza. Hakuna atakayegusa nyuma yangu, hata meneja mwenyewe."

Nguo zilimponyoka mwanamke.

"Mwaka mzima," alisema, "kila ukitoka sisi tunaingia, tunarekebisha namba unazokosea, ili usifukuzwe kwa sababu ya macho yako. Juzi uliweka themanini na nane penye sitini na tatu. Leo umeweka ngapi?"