Mradi Usio na Mwenyewe

Barua ya shule haikumtaka mama. Ilimtaka dada.

Akaja. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kipochi mapajani. Mdogo wake alisimama mbele ya meza ya mwalimu wa kompyuta, shati limemganda mgongoni.

"Asilimia tisini na nane," mwalimu alisema, akiwageuzia kioo cha kompyuta. "Huu mradi wako. Na huu hapa ndio uliounakili. Uliingia Jumatatu, wako umeingia Jumanne."

"Wa Jumatatu ni wa nani, mwalimu?"

"Hauna jina. Ila si wako, maana wako una jina."

"Ni wangu. Umeme ulikatika kabla sijaandika jina. Kesho yake nikatuma upya."

Dada alitazama sakafu.

Mradi wenyewe ulikuwa programu ambayo mdogo wake alimtengenezea mama yao, fundi cherehani, ili aache kuandika vipimo vya wateja kwenye maboksi ya nyuzi.

"Mpaka wateja umenakili," mwalimu alisema. "Mama Mapana, kiuno inchi hamsini. Bwana Mguu Mfupi. Wote wamo kwenye ule wa mwenzako."

"Hao ni wateja wa mama. Mama Mapana yuko nyumbani sasa hivi, anapimwa."

Mwalimu alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kijana, mimi naweza kukupendelea au kukuonea. Programu hii ya kukagua haina shangazi wala mjomba. Mwaka huu imenasa saba. Mmoja ameshaacha shule."

Karatasi ya kumfuta kwenye orodha ya mtihani ilikuwa mezani, imebaki kutiwa sahihi. Bila mtihani, chuo cha ufundi ndiyo basi tena.

"Dada," mdogo wake alisema. "Sema basi."

Dada alifungua kipochi, akakifunga. Ndivyo alivyo tangu utoto. Mama yao huwaambia wateja kwamba huyu, hata akiumwa na nge, atasubiri aulizwe.

"Wale saba," alisema mwishowe, sauti haifiki hata mezani, "nao walinakili miradi isiyo na jina?"

"Karibu wote. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Mwalimu alishika kalamu, kisha akaiweka chini. Akanyoosha kidole kwenye cheti kilichotundikwa ukutani, chenye picha ya msichana wa shule aliyeinamisha kichwa.

"Sasa si ndiyo maana nimekuita wewe, binti yangu? Programu uliitengeneza mwenyewe, humu humu, ukapata na cheti. Hebu niambie, inaweza kukosea?"

Safari hii aliulizwa. Alikitazama cheti.

Mdogo wake alishusha pumzi, akamgeukia, karibu atabasamu.

"Haiwezi," dada alisema.