Mwanafunzi wa Mama Baiskeli

Mama Baiskeli alianguka tena, akajipangusa vumbi, akacheka peke yake katikati ya barabara. Umri wake ulikuwa umevuka sabini, na baiskeli alikuwa ameanza kujifunza juzi tu.

Ng'ambo ya barabara, karani mstaafu alimtazama kupitia dirisha la jikoni mpaka maziwa yakachemka na kumwagikia jiko.

"Nini hicho kinaungua?" mumewe akafoka kutoka sebuleni. "Hata maziwa yamekushinda?"

Akafuta jiko. Tangu astaafu, maisha yake yalikuwa sufuria na kitambaa cha kufutia. Siku chache nyuma alikuwa amedokeza kwamba angependa kujifunza kuogelea. Mumewe alicheka mpaka akapaliwa. "Wewe? Na mwili huo? Maji yatahama!" Kisha akawapigia simu watoto, mmoja baada ya mwingine, kuwasimulia. Nao wakacheka.

Alasiri hiyo, mzee alipopitiwa na usingizi kwenye kochi, karani alivua aproni, akavuka barabara.

Mama Baiskeli alimpokea kwa mikono miwili. Nyumba ilichangamka kama ya vijana. Ukutani zilijaa picha alizochora mwenyewe, zenye rangi za kupiga kelele. Mezani palikuwa na tarumbeta. Na karibu na dirisha, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mume wa Mama Baiskeli. Zamani alikuwa mkaguzi wa treni, mwanamume ambaye akigomba kwake anasikika mtaa wa pili. Sasa kiharusi kilikuwa kimemwachia macho tu. Alikuwa msafi, amefunikwa shuka hadi kifuani, paka mnene amejikunja mapajani pake.

"Kumbe mzee anapenda paka?"

"Enzi zake hakutaka hata kuwasikia," Mama Baiskeli akasema. "Siku hizi hawaachani."

"Na nywele kamnyoa nani? Kapendeza."

"Mimi, mdogo wangu! Kunyoa nimejifunzia kichwani kwake. Hata tarumbeta nampigia hapa hapa, asipitwe na kitu."

Akalichukua, akapuliza mara moja karibu na sikio la mzee. Karani akaruka. Chozi likamtoka yule mzee, likateremka shavuni taratibu. Mama Baiskeli akalifuta kwa kidole gumba, polepole, kama anayemfuta mtoto.

Karani naye akalengwalengwa na machozi. Katika ndoa yake yote hakukumbuka kufutwa chozi hata siku moja.

"Dada yangu, nikwambie ukweli, nakuonea wivu," akasema. "Mimi nikiamka sina hamu ya lolote. Wewe unaupata wapi moyo wa kuanza jambo jipya kila kukicha?"

"Kwa huyu hapa." Mama Baiskeli akamwekea mumewe mkono begani. "Nikiamka namwangalia, nakumbuka yale yote aliyonikataza. Baiskeli, rangi, paka, hata kupiga mluzi ndani ya nyumba yangu. Nachagua moja, basi, siku imepata kazi."

"Na hakasiriki?"

"Nani ajuaye? Hasemi."

Wakacheka wote wawili. Mama Baiskeli akamimina chai, akasogeza kikombe.

"Usiogope umri, mdogo wangu. Kazi ni lile jambo la kwanza. Ukishalifanya hilo, mengine yanajileta yenyewe."

"Na la kwanza lilikuwa lipi? Kuchora?"

Mama Baiskeli alikoroga chai yake.

"Alikuwa na presha, huyu. Miaka yote hakuwahi kujua dawa zake zinakaa kabati gani. Mimi ndiye wa kukumbuka, asubuhi na jioni, na maji kwenye glasi, na matusi juu yake. Basi nikajaribu kusahau."

Pale dirishani, mzee alifumba macho.

Karani hakumaliza chai. Aliaga kwa sauti asiyoitambua mwenyewe, akavuka barabara mbio, kiatu kimoja kikimponyoka. Mtu lazima aambiwe. Watoto wa yule mzee, polisi, yeyote yule. Angeanza na mumewe, yeye angejua la kufanya.

Alimkuta ameshaamka.

"Ulikuwa wapi? Nimeita mpaka koo limekauka!"

"Baba watoto, nisikilize. Yule mama wa ng'ambo, kuna jambo amemfanyia mume wake..."

"Umbea!" Akapunga mkono kama anayefukuza inzi, macho kwenye televisheni. "Umestaafu kazi, sasa umeajiriwa na umbea. Umri umekwenda na akili imefuata. Nyamaza, nasikiliza taarifa."

Alisimama pale na kiatu kimoja mguuni, akimtazama kisogo. Alimtazama kwa muda mrefu, na pumzi yake ikatulia.

"We!" mzee akaita bila kugeuka. "Hivi leo nimemeza vidonge vyangu vya presha?"

Karani akaingia jikoni. Vidonge vilikuwa kwenye kisahani, kando ya glasi ya maji, havijaguswa.

"Umemeza, mume wangu," akaitikia kwa sauti tamu. "Umesahau tu."