Taa za Kanisani Wawi

“Usizizime, mwanangu! Nakuomba kwa Mungu, usizizime!”

Bi Mwanamize alisimama katikati ya ngazi ya roshani ya kanisa, jasho likimtiririka chini ya mtandio, mikono kaitandaza kama anayezuia mwizi. Himid, msanii kutoka Unguja mjini, aliondoa kidole kwenye swichi. Alitaka tu kuzipumzisha taa zake kidogo, na sasa machozi yalimlengalenga. Tangu aanze kusomea sanaa ya nuru na sauti, watu walizoea kumbembeleza aache. Hakuna aliyewahi kumbembeleza aendelee.

“Basi zitawaka mpaka magharibi, Bi Mwanamize.”

“Na feni?”

“Na feni.”

“Mungu akuweke. Wewe hujui tu ulivoniokoa.”

Himid alijua. Yeye alikuwa anajua kila kitu, ndiyo maana alipewa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa inaning’inia. Wafadhili walishamwambia wazi kuwa watakuja Jumamosi kujionea, na wakikuta kanisa tupu, onyesho litahamia kisiwa kingine na msanii mwingine. Nani basi angelijaza kanisa kongwe la wamisheni, nje kidogo ya Wawi, kati ya wanakijiji ambao ni Waislamu watupu? Padri alitoa ruhusa kwa moyo mkunjufu, akamtakia kila la heri, kisha hakuonekana tena. Siku ya ufunguzi alikuja mtu mmoja, akauliza kama hapo ndipo zinapotengenezwa simu. Nyota zilitambaa ukutani bila wa kuzitazama. Kwenye spika alilia nyangumi, mnyama ambaye watu wa Wawi hawajawahi kumkosea kitu.

Kisha akaja Bi Mwanamize, mjane mwenye kauli kwa wanawake wa kijiji kizima. Nyota hakuzitazama. Alipanda moja kwa moja roshanini, zilikofungwa zile taa kubwa za jukwaani zilizoazimwa kwenye kikundi cha taarabu pamoja na feni za kuzipoza, akanyoosha kiganja mbele yake.

“Mna joto humu!”

“Ni joto la hisia,” Himid alimfafanulia polepole, maana alishaambiwa kwamba watu wa shamba huelezwa polepole.

“Naam,” alisema Bi Mwanamize. “Hilohilo.”

Kesho yake alirudi na wenzake. Walikuwa na sharti moja tu: wanawake watakaa juu, na mwanamume yeyote asithubutu kupanda, hata mwenye taa zake. Himid alikubali akiwa ameweka mkono kifuani. Aliwaandikia wafadhili ukurasa mzima kuhusu heshima kwa mila, na jinsi akina mama wa Pemba walivyojitengea wenyewe mahali patakatifu pa kuonana na nuru. Shehe alipoulizwa kuhusu kuingia kanisani, alijibu kwamba kutazama taa si kusali. Jioni ileile mkewe alionekana akipanda ngazi na jamvi kichwani.

Ikawa ndiyo hali. Asubuhi akina mama waliingia na majamvi ya kukalia na mapakacha ya chakula, na chakula kilikuwa kingi, maana waume zao ndio waliowasaidia kuyabeba hadi mlangoni. Waume walibaki chini kwenye mabenchi, wakasinzia kwa adabu mbele ya nyota. Juu kulikuwa na minong’ono na mchakacho wa miguu. Walioshuka walishuka wamelowa jasho, nyuso zinang’aa, na Himid aliona wazi kwamba hizo ni nyuso za watu walioguswa.

Nje mvua ya vuli ilipiga kutwa kucha. Himid aliishukuru, kwa sababu mawingu yalimpa giza alilolihitaji. Wageni wachache kutoka Chake Chake walivuta pumzi, wakaisifu hata harufu iliyojaa kanisani.

“Harufu ni sehemu ya dhana,” alijibu kwa unyenyekevu, akaiongeza kwenye bango.

Ijumaa Bi Mwanamize alimletea sahani ya boko-boko, ngano iliyopondwa na nyama. “Kula, mwanangu. Tangu mume wangu afe, mwaka huu ndio nliokata tamaa. Nlishasema kila kitu changu kitaoza.”

Himid aliiweka sahani chini. Hapa hakuna cha kumcheka: alikuwa kijana aliyetaka kumfaa mtu, na sasa amemfaa. Usiku hakulala, akijifanyia mazoezi ya kujibu pongezi.

Jumamosi kulikucha kweupe. Wafadhili walifika na miwani yao myeusi, wakaingia kanisani. Nyangumi akalia. Meli za kale zikapita juu ya madhabahu. Kwenye mabenchi hapakuwa na mtu, na roshani ilikuwa kimya. Mkubwa wa wafadhili alikohoa, akaitazama saa yake.

Himid alitoka mbio. Hakuhitaji kwenda mbali. Kijiji kizima kilikuwa pale uani, wanaume kwa wanawake, wameinama juu ya majamvi yaliyotandazwa toka mlango wa kanisa hadi barabarani.

“Bi Mwanamize! Wageni wamefika! Wamekuja kuwaona nyinyi, na mkikosekana nimekwisha!”

Wafadhili walishatoka nyuma yake, wakajipanga ukingoni mwa jamvi, wakitabasamu na kupiga picha.

“Karibuni, wageni wetu,” alisema Bi Mwanamize bila kuinua kichwa, viganja vyake vikitandaza. “Kijana wenu katufaa, wallahi, katukaushia karafuu mvua yote hii. Ila sogeeni kidogo, mnaikinga jua.”