Sindano ya Tatu

Palikuwa na mbwa jike, Tabu, aliyechoka kuliko punda wa maji. Hii ilikuwa mara ya tatu kuwakokota wanawe wanne kwa daktari wa mifugo, wachanjwe parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu. Sindano moja haikutosha, maana kinga waliyoinyonya kwenye maziwa yake iliweza kuizuia isifanye kazi.

Mlangoni mwa bucha alilala Chonge, dume lenye majigambo.

"Bado unahangaika na sindano, dada?" akamuuliza. "Mimi sikuchomwa hata moja. Niliugua parvo hiyo utotoni, nikapona mwenyewe. Mbwa wa kweli, kinga yake ni damu yake."

Maneno hayo Tabu aliyasikia safari ya kwanza, akayasikia na ya pili, akapita zake. Leo miguu ilimuuma, akaketi.

"Mlizaliwa wangapi, kaka?"

"Saba."

"Basi waite hao sita, nao niwasikie."

Chonge akainua kichwa. Akatazama huku na huku, kana kwamba wangekuja.

Tabu akawahesabu wanawe, wakatimia wanne. Akainuka kwa shida, akashika njia.