Chupa ya Dawa

Nilimwekea mshauri wa zahanati chupa tupu mezani. Mama alikuwa ameiosha mara mbili, lakini bado ilinuka mafuta ya alizeti.

"Ya nini hii, Belinda?"

"Ya dawa. Mama anasema unitibu, niache kumpenda msichana mwenzangu."

Akanirudishia chupa taratibu. "Sina dawa hiyo, dada. Huumwi."

Afadhali angenigombeza. Mimi nilishajiandaa kuumwa.

"Sasa kama siumwi, nina nini?"

"Hilo tutaliongea polepole, na wewe ndiye utakayeniambia. Alhamisi uje tena."

Nikatoka na chupa yangu. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inamwagika, na mama alikuwa ananisubiri ng'ambo ya barabara, kajibanza kwa wauza parachichi. Sijui nilifikiria nini. Nikapita nyuma ya jengo, nikakinga maji ya bati kwa ile chupa mpaka ikajaa, kisha nikavuka.

"Amekupa, mwanangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mama akafungua kifuniko, akaonja yeye kwanza, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. Akaniangalia.

"Mbona si chungu?"