Mashavu ya Buku

Paliishi panya buku ambaye mashavu yake yalikuwa mapana kuliko akili yake. Mvua za kwanza ziliponyesha, alikwenda kwa shemeji yake kuomba karanga za mbegu, akazijaza mashavuni. Njiani akapitia kwa Nguchiro, mwenye banda la kamari.

"Karibu, ndugu yangu!" Nguchiro akasema. "Mgeni wangu hupewa karanga za bure, nyingi kama alizokuja nazo. Pokea!"

Buku akazisukumia mashavuni, juu ya zile za mbegu, akageuka aondoke. Nguchiro akaziba mlango.

"Wapi tena? Karanga za zawadi hazitoki hapa mpaka uzichezee kete mara thelathini."

Buku akashtuka mpaka masharubu yakamsimama. Akazitema zote chini. "Basi chukua zako, unipe zangu!"

"Zako ni zipi?"

Buku akatazama lile fungu. Hakuitambua hata moja. "Mbona hukuniambia mapema?"

"Mbona hukuuliza? Ah, ungeuliza kwa mdomo gani, nao umejaa?"

Buku akaketi kurusha kete. Akishinda mbili, anapoteza tano. Alipotimiza mara ya thelathini, Nguchiro akampigia makofi.

"Hongera, sharti umelitimiza! Kilichobaki ni chako, nenda nacho."

Buku akatazama chini, hapakuwa na karanga hata moja. Akapapasa shavu la kulia, akapapasa la kushoto. Akakuta ulimi wake tu.

Nyumbani, mkewe alikuwa ameshachimba mashimo shamba zima. Alipomwona akaweka jembe chini, akakinga viganja.

"Haya, baba watoto. Tema tupande."